Masizi kwenye Panga

Jumanne, 3 Juni
Mkutano wa mnyauko wa migomba. Bwana shamba Novatus katamka "vimelea vya bakteria" mara kumi na nne — nilihesabu. Mzee Kashaija, jirani yangu, kasinzia mara mbili, halafu akauliza kama ugonjwa unaletwa na mvua. Saa mbili nzima! Kwake migomba kumi na mmoja imeshanyauka, na mpaka wetu ni mfereji tu. Mimi ninayo 312, nilianza na machipukizi manne ya kuomba. Akiendelea hivi, nimekwisha.

Alhamisi, 5 Juni
Nimewaita watu wa mkutano shambani kwangu. Nikamwomba Kashaija panga lake — langu sikutaka kulichafua — nikalipaka mafuta na masizi ya sufuria. Nikakata jani la mgomba wa kwanza. Alama nyeusi! Wa pili, nyeusi. Watu wanahesabu kwa sauti. Mpaka wa saba bado inaonekana. Nikawaambia: panga ni kama mume mzururaji, likitoka kwa jirani lipite motoni kwanza ndipo liguse cha kwako. Placidia muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, akadakia kwamba wa kwake anamchoma leo leo. Vicheko! Kashaija akaigusa alama ya saba kwa kidole: "Mama Mugisha, sasa nimeelewa."
Dakika tisa.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa Novatus kapewa nafasi ya matangazo. Masizi yangu! Mume mzururaji wangu! "Kama ninavyowafundisha siku zote," anasema. Jina langu: mara sifuri. Makofi.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepita nyumba kumi na nne. Tisa zina moto wa mapanga kando ya shamba. Kashaija analichoma lake mpaka mpini unafuka. Haya, Novatus abaki na sifa, mimi nibaki na ndizi.

Jumamosi, 5 Julai
Majani ya njano. Nimekata shina — usaha. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nane mzima.
Saba. Wale wale!
Siku ile panga la Kashaija lilikuwa limetoka moja kwa moja shambani kwake. Nililipaka masizi. Motoni sikulipitisha. Mbele ya watu arobaini, wote wakihesabu!
Novatus kapiga simu: keshokutwa analeta wageni wa wilaya waone "shamba la mfano".
Na sasa Kashaija anapiga hodi. Kaniona toka kwake nikikata mashina, kaja kusaidia, panga lake linafuka moshi. Ananyoosha mkono kwa upole:
"Mama Mugisha, lete na lako nikuchomee."