Sylvanus Lyamba na Shafti ya Mashine ya Majengo

Mjukuu wetu Sylvanus, tarehe 14 Agosti umetimiza mwaka tangu homa ya siku nne ikuchukue huko Ujerumani, mwaka 1997, ukiwa masomoni.

Ulikuwa mpole, mtu wa kusalimia kila mlango. Bibi yako Dorotea alikuita “mume wangu”, nawe kila likizo ulimletea sabuni ukisema mke wako asinuke moshi. Mkikaa jikoni, ni vitendawili tu, hata likizo yako ya mwisho.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Wawili wakikutana wanatoweka wote, panabaki mwanga.”

Bibi akashindwa, akakupa mji wa Karema. “Karema ulishanipa Pasaka, ongeza!” Akaongeza Sumbawanga, ndipo ukamfumbulia: ni positroni na elektroni, chembe mbili ndogo mno zisizoonekana. Positroni ikiingia kwenye chuma kizima, inakutana na elektroni upesi, zinatoweka. Penye kishimo kisichoonekana kwa macho, inachelewa kidogo. Wewe ulipima kule kuchelewa, ukajua chuma kimechoka.

“Yaani mume wangu umesomeshwa kumshikia saa anayekufa?” Ulicheka hadi chai ikakupalia.

Likizo ile ile, shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine, ya kinu cha kukoboa cha Makoye, mwenye mashine pale Majengo, ilikatika ikatoboa bati. Ulikata kipande chake ukasafiri nacho. Mashine yake ya kusaga iliendelea na kazi, na shafti yake ilikuwa ya fungu lile lile, zilifungwa siku moja.

Barua yako ilifika Jumamosi. “Bibi, chuma kile kimejaa vishimo. Cha kusaga kitakuwa hivyo hivyo. Mwambie Makoye azime leo.” Leo yako ilikuwa imetembea wiki tatu. Na asubuhi hiyo dada yako Lidia alikuwa ameenda kusaga, mtoto mgongoni.

Bibi alitoka nyumbani Shanwe miguu mitupu. Mlio wa mashine aliusikia kutoka mbali. Aliogopa ukiendelea, akaogopa zaidi usije ukakoma ghafla. Alimkuta Lidia kando ya mkanda, anamimina mahindi.

“Makoye, zima!”

“Bibi, mumeo yuko Ulaya, shafti yangu kaionea wapi?”

“Kaona pacha wake.”

“Kuna foleni ya debe kumi na mbili hapa! Ngoja nimalize.”

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema, “Uzee huo, mrudisheni nyumbani.” Bibi alimsukuma Lidia nje, akasimama mwenyewe pale pale kando ya mkanda, barua mkononi.

“Haya, saga.”

Tulikuandikia siku hiyo hiyo. Kabla yetu haijafika, ikaja yako nyingine, mstari mmoja: “Alizima? Nijibuni, silali.” Yetu ilirudi ndani ya sanduku lako la nguo, haijafunguliwa.

Basi sikia, Sylvanus. Alizima. Alimwangalia bibi yako, akatukana kwa Kisukuma, akazima. Jioni akaifungua shafti. Wiki mbili akina mama walitwanga kwa mikono wakikulaumu, na kwa kuwa haikukatika, hadi leo wapo wanaosema ulikosea. Bibi anawaacha waseme. Mikono wanayomnyooshea ni mizima yote.

Unakumbukwa na bibi yako Dorotea, mama yako Suzana, dada yako Lidia na mwanawe Egide, na Makoye, aliyeomba jina lake liwepo.

Lala sasa, mume wangu. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.