Majeruhi Aliyesahauliwa Kwenye Meli ya Mafuta

Wewe, kaa chini kwanza. Nimesahauliwa melini. Mimi, mtu mzima, nimesahauliwa kama mwavuli!

Si unajua tumetumwa bandarini kutathmini kama wakaguzi wa serikali wanakagua kweli meli za mafuta? Leo walikuwa wanapima mabaharia kwa zoezi la moto. Akatafutwa mtu wa kujifanya majeruhi. Nani kanyoosha mkono? Mimi na kiherehere changu.

Nikalala chini kwenye chumba cha pampu, nikagumia, ulimi nje. Wakaja mabaharia wawili, wakanifunga kwenye machela barabara. Mara king'ora cha kumaliza zoezi kikalia. Wakanitua kama gunia, wakapanda zao juu!

Nikapiga kelele, "Jamani, na mimi je?" Viatu vyao vikazidi kupanda ngazi.

Baadaye fundi wa pampu akanikuta. Unajua kaniuliza nini? "Zoezi limeisha, wewe bado unaumwa?"

Nafika juu, mkaguzi keshagonga muhuri: watu wote wameokolewa. WOTE! Na bosi wangu anakunywa naye chai, wala hajagundua kuwa nilikuwa sipo.

Bosi kaninong'oneza, "Tusiliandike hili, mwanangu. Ofisi nzima itakucheka." Ndugu yangu, nilitaka kukubali. Lakini siku moto ukiwaka kweli, aliye kwenye machela hatakuwa anaigiza.

Basi nimeandika kwenye ripoti: majeruhi mmoja hakuokolewa.

Na penye chanzo cha ajali nimejaza: kiherehere.