Mwiko wa Majusi na Mwiko wa Bukari

Mama Mshauri mheshimiwa,

Napiga hodi katika ukurasa wako kuomba msaada, na kabla ya kuuomba natanguliza shukrani, kwa kuwa mimi ni mtu niliyejifunza mwenyewe kuandika Kiswahili hiki, bila shule ya juu, kwa kusoma misale ya kanisani na kamusi wakati wa mapumziko ya kazi, na kila nikisoma majibu yako hujiambia kwamba bado kuna mahali ambapo lugha nzuri na akili nzuri zinakaa pamoja. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, upande wa mabafu ya kusafishia shaba. Nina mke, ambaye hapa nitamwita Rosalie, na watoto, mkubwa wao akiwa Élise.

Mwalimu mmoja Mbelgiji, Bwana Michel, aliyefundisha hesabu hapa mjini hadi mkataba wake ulipomalizika, alituletea mchezo wa kete usiofanana na mchezo mwingine wowote, kwa maana hauna ubao wala mshindi, bali watu wanaketi mezani na kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni katika nchi ya kubuni, anasema nafungua mlango, navuka mto, nazo kete zinaamua kama amefaulu. Na katika nchi hiyo wapo wenye nguvu za ajabu, ambao hupata nguvu hizo kwa kuapa kujinyima kitu, mmoja hagusi chuma, mwingine halali chini ya paa, mwingine hasemi neno kabla ya jua kuchomoza, na kadiri kiapo kinavyokuwa kizito ndivyo nguvu zinavyozidi.

Kwa kuwa sheria za mchezo zimeandikwa kwa Kifaransa, na baadhi ya wenzangu wanakisoma kwa shida, nilipewa heshima ya kuzitafsiri, nami nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Wenye nguvu niliwaita mamajusi, kama wale walioifuata nyota hadi Bethlehemu, nikiliepuka neno mulozi, yaani mchawi, ambalo hapa kwetu linaweza kumhamisha mtu mtaani. Kile wanachojinyima nilikiita mwiko, kama kamusi inavyoagiza, nikalikataa neno kijila wanalolitumia watu wetu, kwa kuliona ni neno la kijijini lisilostahili kuandikwa.

Majusi wangu aliapa kutogusa kinywaji chochote chenye kulevya. Nilichagua kiapo hicho kwa sababu kwangu kilikuwa kizito kupita vyote, maana nilikuwa mnywaji, tena mnywaji ambaye watoto wa jirani walimwiga anavyotembea. Rafiki yangu Urbain, mtu wa reli, alicheka hadi kete zikamponyoka mkononi, akanibatiza majusi wa maji.

"Weye? Majusi ya mayi! Ata kesho hautafika!"

Bwana Michel akasema kwamba anayeapa mezani ajaribu uzito wa kiapo chake nyumbani mpaka Jumapili inayofuata, ili acheze kwa haki. Nikajaribu. Jumapili ilipofika, sikutaka tena kukiweka chini.

Mama Mshauri, siwezi kueleza vya kutosha neema iliyoingia nyumbani mwangu. Rosalie alianza tena kuimba wakati wa kufua. Élise, ambaye zamani akisikia hatua zangu alikuwa na kazi ya ghafla kwa jirani, alianza kunisubiri barabarani ili anibebee kofia ya kazi. Bwana Michel alipoondoka alituachia kete na vitabu vyake, nami nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, na nadhani hakujua sababu. Rosalie nilimwambia tu kwamba Jumapili tunakutana kwa mazungumzo, kwa kuwa niliona aibu, mimi baba wa familia, kumwambia kwamba ninacheza kuwa majusi.

Jambo moja tu lilinishangaza katika neema hiyo, nalo ni bukari, yaani ugali wetu. Rosalie alikuwa msongaji mashuhuri, bukari yake laini kama shavu la mtoto, na ghafla ikawa na madonge. Nikadhani ni unga. Nikala, nikashukuru.

Sasa nafikia jambo lenyewe. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kakontwe, na kwa heshima ya ukwe nilikuwa nimekaa sebuleni nikiupa mlango wa uani mgongo, yeye akiwa jikoni na binti yake, nikasikia hivi:

"Rosalie, unasonga na mti ya balai, ya kufagia? Siku gani nilikufundishaka vile?"

"Acha tu, mama. Na ile inaiva."

"Inaiva madonge! Mwiko iko wapi? Tazama, njo hii nyuma ya sanduku. Umeivalisha kitambaa sawa mutoto wa kubatiza!"

"Mama, hapana! Rudisha! Ile ni ya baba Élise!"

"Ya baba Élise? Tangu lini mukwe yangu anapikaka?"

Kisha nikasikia sufuria ikiburuzwa, na mama mkwe akihema kwa kusonga, na mwiko ukakatika, kwaa! Halafu Rosalie akalia kilio cha msibani. Akaja sebuleni na vipande viwili mkononi, akapiga magoti.

"Baba Élise, unisamehe. Mwiko yako imevunjika. Ni mama, hakujua. Minye niliilinda, niliilinda sana."

"Mwiko wangu?"

"Ulimwambiaka Urbain, minye nilisikia. Ulisema mwiko ikivunjika, ata na mukono ya muntu mwingine, nguvu yote inatoka, unarudia muntu wa zamani. Nikajua ulienda kwa nganga. Sikukuuliza. Nilisema, kama ni mwiko njo inamushika bwana yangu, basi minye nitasonga na balai mpaka kufa."

Mama Mshauri, maneno hayo kweli niliyasema, kwa lugha sanifu niliyojivunia, nikimfafanulia Urbain, mlangoni petu, sheria ya mchezo. Nilimwinua Rosalie nikasema "si kitu". Mama mkwe alirudi Kakontwe akiwa ameinamisha kichwa.

Tangu siku hiyo, nikirudi kazini Rosalie anasimama mlangoni na kuvuta pumzi kidogo, akinusa kama nimekunywa, kabla ya kunisalimu. Haimbi. Na lililo baya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe, ninayejua kwamba ule ulikuwa mti wa kusongea tu, nimerudiwa na kiu niliyokuwa nimeisahau. Juzi miguu ilinifikisha mlangoni pa baa yangu ya zamani, nikasikia moyoni: imekwisha kuvunjika, nguvu zimekutoka, ingia. Niligeuka. Sijui kama nitageuka mara nyingine.

Urbain ananishauri hivi: "Nunua mwiko ingine, funga kitambaa nyekundu, mwambie nganga amefanya upya. Bongo kidogo tu, mukubwa, nyumba itatulia." Nami naogopa hiyo bongo, yaani uongo, lakini ukweli naogopa zaidi, kwa kuwa nikimwambia Rosalie kwamba kilichotuokoa ni mchezo wa kete, ataona kwamba amejitesa kwa ajili ya neno nililolichagua vibaya, na huenda imani yake kwangu ikaenda pamoja na ule mwiko. Sheria ya mchezo inasema kwamba majusi aliyevunjikiwa hurudishiwa nguvu akiapa upya, waziwazi, mbele ya yule anayeumia akianguka. Lakini huo ni mchezo, na mimi nina nyumba.

Nisaidie kabla sijaanguka. Ni mimi ninayekushukuru hata kabla ya kujibiwa,

Majusi wa Shituru

MAMA MARCELLINE ANAJIBU

Majusi wangu, shukrani zako nimezipokea, na sasa nazirudisha, kwa sababu umekosea anwani. Unamshukuru Bwana Michel, unanishukuru mimi ambaye sijakufanyia lolote, na mwanamke aliyesonga bukari kwa mti wa balai ili usianguke, huyo umemwambia "si kitu". Bila shaka jirani zake wamemuona. Mama yake amemcheka. Aliamini kwamba kwa nganga ulikwenda, jambo ambalo moyo wake wa Kikristo haulipendi, akalimeza pamoja na madonge. Wewe ulikuwa na kiapo kimoja. Yeye alikuwa na chake, bila kete na bila marafiki wa kumpigia makofi.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Kuacha chupa si kazi ndogo. Lakini nakugombeza pia. Ulikuwa na neno nyumbani, kijila, ambalo mkeo analijua tangu alipoanza kutembea. Ukalitupa kwa sababu halikuvaa viatu, ukaleta neno la kamusi ambalo kila mama wa Likasi akilisikia anatazama jikoni. Kamusi haina kosa, mimi pia ninayo. Kosa ni kusema vizuri mbele ya Urbain na kunyamaza mbele ya Rosalie.

Urbain aendelee na reli yake. Ukifunga kitambaa chekundu kwenye mti mwingine, utamfanya mkeo awe mlinzi wa jikoni maisha yake yote, na siku mti huo ukiliwa na wadudu utakuwa na ruhusa ya kunywa. Usijipe ruhusa ya namna hiyo.

Na hiyo kiu, sikiliza vizuri. Ulifika mlangoni pa baa mwiko ukiwa umekwisha kuvunjika, mbele ya macho yako, vipande viwili. Ukageuka. Nani aligeuka? Majusi wa mezani hana miguu. Ni wewe, baba Élise, uliyegeuka bila mti na bila mchezo. Nguvu uliyoogopa kwamba imekutoka ndiyo iliyokurudisha nyumbani.

Basi leo, kabla hujavua nguo za kazi, mkalishe Rosalie. Mwambie yote: kete, nchi ya kubuni, majusi, kila kitu. Akicheka, mwache acheke, ana haki. Akikasirika, usijitetee kwa maneno marefu, nawajua nyinyi wa misale. Kisha fanya kile ambacho mchezo wako umekufundisha kwa busara zaidi kuliko unavyodhani: apa upya mbele ya yule anayeumia ukianguka. Sema kijila. Sema "minye sitakunywa tena", kama unavyosema ukiwa umeumia kidole, si kama unavyoandika magazetini. Njia ya kurudi kutoka kazini badilisha, hata kama ni ndefu zaidi, na Jumapili endelea kucheza, sioni ubaya wake. Mchukue Rosalie naye akatazame; mwanamke anayejua kutunza siri namna hiyo angewashinda nyote.

Mama mkwe usimwache Kakontwe akidhani amevunja ndoa ya binti yake. Kwa kuwa huwezi kumkabili, mtume Rosalie ampelekee neno lako: kwamba hakuharibu kitu, na kwamba unamshukuru, maana bila mkono wake mzito ungekuwa bado unakula madonge na kudhani ni unga.

Mwisho, tafuta kipande kizuri cha mti, uchonge mwiko mpya kwa mikono yako, uutundike wazi pamoja na sufuria, bila kitambaa. Bukari ya kwanza uisonge wewe. Itakuwa na madonge, nakuhakikishia. Mpakulie Rosalie kwanza, ukae umtazame akila. Akianza kukucheka, ujue nyumba yako imepona.