Kocha, Bado Tunasema Pole

Kocha,

Shikamoo. Ungeitika marahaba huku ukitazama viatu vyangu kama nimefunga kamba. Nimefunga.

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu Joubert Park, hapa Johannesburg. Cherehani imepumzika, na mezani kuna jezi za timu zinazosubiri namba. Umeshaelewa maana yake: timu ipo. Ila ilibaki kidogo isiwepo, na habari hiyo nataka uipate kwangu mwenyewe.

Ulipofariki, mkuu wa chuo alituambia bila kuzunguka kwamba chuo kidogo kama chetu hakiwezi kutunza uwanja mzima kwa ajili ya timu isiyo na kocha. Angetazama mechi ya kwanza ya msimu, kisha aamue kama uwanja ubaki au uwe maegesho ya magari. Maegesho, Kocha! Uwanja ulioutoa mawe kwa mikono yako! Baada ya hitima mkeo, Mama Zuhura, aliniita akanipa filimbi yako. "Wewe ndiye uliyekuwa nahodha wake wa kwanza," akasema. "Nimpe nani mwingine?" Mimi, fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, nifundishe futiboli ya Kimarekani! Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaipuliza.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umemaliza masomo kwenye chuo kidogo huko Marekani, ukaujua mchezo, na badala ya kurudi kwenu Tanga ukaja kufundisha hesabu hapa Joburg, kwenye chuo chetu cha Marshalltown. Ulitutupia ule mpira wenye ncha, sote tukadhani ni raga. Msimu mzima tulifungwa. Wewe ulikuwa unaimba tu njia nzima ya kurudi nyumbani, mpaka tukaanza kukuonea shaka.

Na ulikuwa na sheria ambayo sijaisikia kwa kocha mwingine yeyote: ukimwangusha mtu, umwinue, umpe pole. "Kwetu mtu akijikwaa njiani hata asiyemjua humpa pole," ulituambia, "sembuse wewe uliyemwangusha?" Kalonji, beki wetu mwenye mabega ya kabati, aliishika sheria hiyo kama amri ya kanisani. Siku ile Pretoria alimwangusha mtu, mpira ukachomoka, ukawa wa yeyote atakayeuwahi. Kalonji hana habari! Ameinama, anamwinua yule aliyemwangusha, "Pole ndugu, pole sana," huku mchezaji wao mwingine anauokota na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Tukashindwa kwa hilo. Nilidhani utamla mzimamzima. Ukakaa chini ukacheka hadi kofia ikaanguka, kisha ukairekebisha sheria yako: "Mpira kwanza, pole baadaye. Lakini pole isikosekane."

Kalonji siku hizi ni mlinzi Midrand. Akiwa na mapumziko anakuja kuwanoa vijana wa mstari wa mbele. Kifaransa chake hawakielewi, ila mabega yake wanayaelewa vizuri. Wengi wao wamezaliwa hapahapa Joburg, na hata wale wa kwetu Kiswahili wanakisikia tu, hawakisemi. Neno lako moja wanalisema wote.

Jumamosi tulicheza. Tulifungwa, sikudanganyi, ila kwa kidogo. Karibu na mwisho, kijana wetu Sipho alikuwa anachanja mbuga na mpira, akakutana na bonge la mtu wa timu pinzani. Chini, puu! Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, lile bonge lilikuwa limemshika Sipho mkono, linamwinua. "Eish, pole, bra," likamwambia, yaani pole, ndugu yangu. Hakuna aliyemfundisha, Kocha. Vijana wetu walikuwa wakimwangusha, kumwinua na kumpa pole tangu mechi ianze, naye akajua ndivyo inavyofanywa.

Mkuu wa chuo, aliyekuwa amesimama kando yangu, aliuliza yule kijana amesema nini. Nikamweleza sheria yako yote, na kioja cha Kalonji pia. Alicheka kidogo. Mechi ilipoisha alinipa ufunguo wa stoo ya vifaa. "Jumanne mazoezi saa ngapi?" akauliza. "Nataka kuja kutazama." Nilifurahi, Kocha. Nilifurahi mpaka nikakutafuta kwa macho nikuambie.

Basi nakuahidi: filimbi hii ikiwa shingoni mwangu, hakuna atakayeangushwa kwenye uwanja wako akaachwa chini.

Limebaki jambo moja. Siku ya mazishi tulikuinua mabegani, watu wa Tanga, wa Lubumbashi na wa Soweto, tukipokezana, kila mtu anataka zamu yake. Kukuinua tulikuinua, ila neno lako hakuna aliyelisema. Najua pole hupewa wafiwa, si marehemu. Lakini sheria ni yako, nawe ndiye uliyeanguka.

Pumzika, mwalimu wangu.

Pole, Kocha. Pole sana.

Nahodha wako,
Mwamba