Mji Ulio Chini ya Pango

Likoni, Alhamisi usiku, 1944

Sisemi kwamba shemeji yangu Salimu ni mwongo. Nasema tu kwamba leo amerudi kutoka pangoni na shati lililoshonwa.

Kila mwezi huchukua ubani, marashi na halua, ile ya sukari yetu ya mgao, akawapelekea majini wa huko. Anasema chini ya pango kuna mji mzima, una mito na minazi na jua lake, na wenyewe hawamwachii aondoke ila baada ya siku mbili. Dada yangu Mwanaisha, mkewe, humsadiki. Nami nilimsadiki, tena nikashukuru kwamba tumbo langu hili halipiti kwa urahisi kwenye mlango wa pango.

Lakini kifungo kilichokatika juzi, leo kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe huko chini mna mafundi?"

"Wapo, wallahi. Tena hodari!"

Mwanaisha alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

Baadaye akanifuata uani. "Kaka, kesho mimi nawe tutakwenda pangoni na taa. Nataka nikamshukuru huyo aliyemshonea mume wangu."

Alisema polepole, huku anatabasamu. Heri angepiga kelele.

Maisha yangu yote nimewaogopa majini wa pango lile. Usiku huu, Mola anisamehe, naomba tuwakute wote, na mji wao, na jua lao. Na huyo fundi awe na ndevu.