Kastabani Kidole cha Kati

3 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Natumai nanyi hamjambo.

Najua tangu niache ualimu nikaigize hutaki kunisikia. Lakini baba, nimepata! Miaka kumi na tisa nimekuwa askari wa kusema "Ingia ndani," na kwenye televisheni nimeshauawa mara kumi na moja. Sasa jukwaani mimi ndiye mhusika mkuu: fundi cherehani mzee anayeficha kwamba macho yanafifia. Fundi, baba, kama wewe! Picha ya mazoezi hiyo. Njoo unitazame, nakuomba sana.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima, magoti yangu tu ndiyo yanalalamika.

Kuja siji. Nilisema uigizaji ni kazi ya wasio na kazi, na maneno yangu sijayameza. Ila hiyo picha nimeipeleka dirishani nikaitazama, imeninyima raha. Fundi gani huvaa kastabani kidole gumba? Utatuaibisha! Kile kikofia cha chuma ni cha kidole cha kati, ndicho kinachosukuma sindano. Pini zishike kwa midomo. Na usiketi wima hivyo kama bwana harusi, bega la kulia lishuke.

Baba yako (asiyekuja)

9 Aprili

Shikamoo baba. Magoti yanaendeleaje?

Nimebadilisha kila kitu! Mwongozaji kaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwa bingwa. Pini moja nusura niimeze. Tunafungua Jumamosi, tiketi yako hii hapa. Roho iko juujuu.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu, leo salamu baadaye. Nilikuja!

Nilibadilishana kiti na mama mmoja nikakaa nyuma, ili nikikasirika nitoke. Sikutoka. Kastabani sawasawa, bega sawasawa! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nikamwambia jirani, "Huyo wangu, huyo!" wala hakuniuliza.

Lakini pale ulipolamba uzi mara tatu ukakosa tundu la sindano, ukajikoholesha mteja asitambue, nililia mbele za watu. Ndivyo ninavyofanya mimi. Mwaka mzima sasa. Hata mama yako hajui. Nani kakwambia?

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo baba yangu!

Nimeruka hadi mwongozaji akadhani nimeumwa na nyuki. Ulikuja! Basi mengine yote hata yasiwe.

Hakuna aliyeniambia. Barua yako ya mwezi wa tatu mistari ilipandana, maneno mengine yakaandikwa juu ya mengine. Wewe, uliyekuwa ukinifokea nikikata nje ya alama ya chaki! Nikajua macho yako nayo yanafifia, mengine nikayawaza mwenyewe. Niliogopa kukuuliza, ningekuudhi usije. Niliibandika kwenye kioo cha chumba cha kuvalia, na kila siku nikiitazama ndipo napanda jukwaani.

Jumatatu hatuna onyesho. Nimeshaongea na daktari wa macho, anatungoja. Nakufuata saa mbili asubuhi, na mama tutamwambia pamoja. Uwe umeshavaa.

Mwanao