Futari ya Wifi Somoe

Jumatatu, kumi la mwisho la Ramadhani. Kiswere.

Mvua imekatika tangu adhuhuri na jua linachoma matope. Nimefuturu kwa maji na tende moja.

Leo nataka kuandika ukweli, maana watu wananisifia wema ambao sina.

Mwezi huu umekuwa mgumu. Mafuriko yamekata barabara, magari hayafiki, na unga umekwisha madukani. Mihogo imeoza ardhini. Sisi wanawake wa darsa tukakubaliana kila mmoja alete alicho nacho, mwingine nazi, mwingine konzi ya mbaazi, tupike sufuria moja uani kwangu na kuwafuturisha wasiojiweza. Imamu alituambia tuanze na wale ambao hakuna anayewabishia hodi.

Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Somoe, dada wa marehemu mume wangu.

Wenzangu wakanitazama. Nikasema, "Cha Somoe nitampelekea mwenyewe."

"Mashaallah," wakasema. "Una moyo wewe."

Moyo gani?

Mume wangu alipofariki, Somoe alisubiri arobaini ipite. Kesho yake asubuhi akatoa godoro langu uani, akatoa na masufuria. Nilikuwa bado ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kutulia nyumbani, hata mlango wa mbele nilikuwa siukaribii. Akasema, "Nyumba ni ya kaka yangu. Rudi kwenu." Nikapita kijiji kizima mchana kweupe na kaniki yangu ya eda, godoro kichwani, watu wamesimama milangoni. Mjane wa siku arobaini na moja. Hakuna aliyenipokea mzigo.

Sasa Somoe yuko peke yake. Miguu imemvimba na shamba lake limekwenda na maji.

Nilifurahi niliposikia. Naandika hivyo hivyo. Nilifurahi.

Kwa hiyo kila siku nimekuwa nikimpelekea futari saa ile wanaume wanapojaa kwenye baraza ya msikiti, mkabala na kwake, kungoja adhana. Bakuli nalibeba wazi, wote waone. Nikifika mlangoni kwake napaza sauti: "Hodi wifi! Nimekuletea chakula!" Halafu naliweka chini kizingitini, ingawa najua magoti hayamkunjiki. Ainame. Ainame mbele yangu na mbele ya kijiji.

Siku kumi ameinama, hasemi neno. Na mimi siku kumi nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kama niliyetoka kuoga.

Leo nilipiga hodi mara tatu, kimya. Mara ya nne akaitikia kwa ndani. "Ingia, wifi. Leo siwezi kuinama."

Nilikuwa sijakanyaga ndani ya nyumba ile tangu siku aliyonitoa. Paa linavuja kila mahali. Amehamia chumba kilichokuwa changu, ndicho pekee kikavu, na amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Amekonda hata nikasahau kwanza nilichotaka kusema.

Nikampa bakuli mkononi. Akalitazama.

"Unadhani sijui unachofanya?" akasema. "Unanitangaza kama samaki wa mnadani."

"Ndiyo," nikamjibu. "Nakutangaza."

"Haya, tangaza. Ila funika chakula, nzi wanatua."

Nilitaka kumpokonya lile bakuli. Wallahi mkono ulishanyanyuka. Badala yake nikamwambia neno ambalo nimelibeba miaka yote hii.

"Niombe radhi, Somoe."

Akalizungusha bakuli mkononi. Kisha akasema, "Nilikutoa ukiwa edani. Ninalijua hilo, na Mungu analijua. Lakini nikikuomba radhi leo, bakuli lako liko mkononi mwangu, utajuaje kama ni mimi niliyeomba au ni njaa?"



Adhana ikaadhiniwa. Akasema bismillahi, akaanza kula polepole, mbaazi moja moja, na mimi nimesimama pale kama niliyekuja kuomba. Nikatoka bila kuaga. Barazani mzee mmoja akaniambia, "Mungu akulipe, mwanangu." Nikaitikia amina, na uso unaniwaka.

Nilitaka alie. Hakulia. Nilitaka aniombe radhi, na angeniomba, nisingeamini.

Hilo ndilo linaloniuma. Ana haki. Kumbe siku zote hizi nilikuwa nainunua radhi yangu kwa chakula cha wenzangu, chakula walichowanyima watoto wao. Sijui kama hii inaitwa sadaka. Sijui malaika anaiandika upande gani.

Lakini sijamsamehe. Atakayesoma hapa asiniletee maneno ya subira.

Nimeamua hivi. Idi itapita na barabara itafunguka. Somoe atapata unga wake ndani na miguu itapona. Siku hiyo nitakwenda mchana, mikono mitupu, nipige hodi, asimame mbele yangu akiwa ameshiba, hanihitaji kwa lolote. Nitamwuliza tena. Atakalonijibu siku hiyo nitalijua ni lake.

Mpaka hapo hana ruhusa ya kufa.

Kesho nitamjazia bakuli mpaka juu.